Enyi Mashahidi wa Ngarenaro

Wapendwa wa Ngarenaro, na ninyi wa Levolosi, Kaloleni na Unga Limited mnaosoma karatasi hii, naanza na sheria ambayo hatuisikii mara nyingi madhabahuni. Ni Mambo ya Walawi, sura ya 5, mstari wa kwanza. Mwenye Biblia afungue aone mwenyewe. Musa anamzungumzia mtu aliyetakiwa kutoa ushahidi, ambaye aliona jambo kwa macho yake au alipata habari zake, lakini akafunga kinywa. Mtu huyo hakuiba. Hakuua. Hakumgusa binti wa mtu. Hata hivyo sheria inasema uovu ule uko juu yake, ataubeba yeye.

Tazameni pia sheria hiyo imewekwa wapi. Imo katikati ya sadaka za dhambi, pale mwenye hatia anapotakiwa kukiri kwa kinywa chake, kisha alete kondoo jike au mbuzi ili kuhani amfanyie upatanisho. Mungu aliutazama ukimya wa shahidi akaona ni dhambi ya kumwagiwa damu. Sisi tumeugeuza kuwa sifa. Tunasema, "Mpole yule, hana neno na mtu." Tunamsifu hivyo hata siku ya kumzika, na watu wanaitikia amina.

Nani kati yetu atasimama aseme hakujua? Tunaishi nyumba za kupanga, chumba kimeegemea chumba, choo kimoja, bomba moja, ua mmoja wa kuanika nguo. Mtoto akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anajua kama ni mafua au ni kifua. Mwanamke akigongeshwa ukutani saa saba za usiku tunasikia. Tunaongeza sauti ya redio, tunawaambia watoto walale. Asubuhi tunakutana naye bombani, kajitanda khanga hadi kwenye nyusi, tunamsalimu, "Umeamkaje, mama nanii?" Anajibu, "Salama." Tunaichukua ile salama yake, tunaondoka na ndoo zetu, dhamiri imetulia.

Mithali 24, mstari wa 11 na wa 12, inatuhusu sisi wa bombani. Inaamuru waokolewe wanaoburutwa kwenda kuuawa. Halafu inamgeukia yule atakayejitetea kwamba hakuwa na habari, inamwuliza kama anadhani apimaye mioyo hajui. Hilo swali limeandikwa kwa ajili ya majirani.

Na asiniambie mtu kwamba sisi ni watu wa kunyamaza. Ingekuwa hivyo, ningewahubiria ujasiri nikaishia hapo. Sisi tunasema sana! Tunasema saluni, tunasema kijiweni kwa bodaboda, tunasema kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, tunasema tukimenya ndizi za msibani. Mjomba anayewaita watoto wa kike chumbani kwake kuwapa pipi, jina lake linajulikana mtaa mzima. Mwalimu anayewabakiza mabinti baada ya vipindi anajulikana. Mhasibu aliyekula michango ya kikoba cha wajane anajulikana, na tunajua hata kiwanja alichonunua. Yote tunayajua, yote tunayasimulia, tena kwa vionjo. Kinachotushinda ni kulitaja jina lile mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumzuia. Mbele ya mjumbe tunakuwa mabubu. Mbele ya polisi tunakuwa wageni, tumehamia jana. Umbeya unampa mtu raha yote ya kujua na kumwondolea gharama yote ya kushuhudia, na ndiyo maana shetani hana haja ya kutuziba midomo. Anatuacha tuseme, mradi tuseme pasipofaa.

Katika miji yote ya dunia, Arusha ndiyo yenye udhuru mdogo kuliko yote. Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na ikaletwa hapa kwetu, kwenye majengo ya kituo cha mikutano cha AICC. Ilikaa mpaka mwisho wa 2015. Watu 93 walishtakiwa. Wengi wenu mliishi karibu nayo kwa mkate wenu: madereva, walinzi, wapishi, wenye nyumba waliopangisha wageni. Hata leo chombo kilichoirithi kiko Lakilaki. Kutoka hapa hadi AICC mtu anaenda kwa miguu. Mnakumbuka misafara ya magari. Je, mnakumbuka kilichosemwa ndani?

Niwakumbushe habari ya Jean-Paul Akayesu. Alikuwa mwalimu, baadaye mkaguzi wa elimu, na mwaka 1993 akawa meya wa Taba, katika mkoa wa Gitarama. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, mahakama ilikubali kwamba siku za mwanzo alijaribu kuyazuia. Sikilizeni hilo, enyi mnaojiona wema. Alianza vizuri. Tarehe 18 Aprili kulikuwa na kikao cha wakuu wa serikali ya mpito na mameya, na baada ya kikao hicho alibadilika. Wanawake wa Kitutsi walikimbilia ofisi yake, kwa sababu ofisi ya mkubwa ndipo mnyonge anapodhani pana usalama. Walibakwa pale pale, ofisini na viungani mwake. Akayesu hakubaka. Wapo mashahidi waliomsikia akitamka maneno ya kuchochea, na ipo nafasi ambayo alikuwapo tu, akaona, akapita. Majaji watatu, Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, walitoa hukumu tarehe 2 Septemba 1998. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutenda mauaji hayo. Na kuhusu ule uwepo wake walisema jambo ambalo mimi nalisoma kama ufafanuzi wa Walawi 5: mtu mwenye mamlaka akisimama mahali uovu unatendeka, naye anaweza kuukataza asiukataze, kusimama kwake ni kibali. Wale vijana wenye mapanga walimtazama meya wao usoni wakasoma ruhusa. Akafungwa maisha.

Lakini kuna kilichotangulia hukumu hiyo, nacho nataka mkibebe mwende nacho nyumbani. Hati ya kwanza ya mashtaka dhidi ya Akayesu haikuwa na neno moja juu ya ubakaji. Wapelelezi wasomi, wanasheria wa dunia nzima, na hakuna aliyeliandika. Kesi ilianza Januari 1997 bila jambo hilo. Kisha akapanda kizimbani mwanamke mmoja, jina lake limefichwa kwa usalama wake, akiwa amekuja kueleza mauaji ya watu wake. Akiwa anaeleza, akasema kwamba wanaume watatu walimbaka binti yake wa miaka 6. Majaji hawakumpitia kwa haraka. Wakauliza. Akaja shahidi mwingine, akasimulia yake. Juni mwaka huo hati ya mashtaka ikarekebishwa. Sheria ya dunia juu ya jambo hili iligeuka hapa Arusha kwa sababu mama alifumbua kinywa, na waliokuwa na mamlaka wakakubali kusikia. Hicho ndicho ushahidi unachofanya, ndugu zangu. Hatuwezi kusema haufai kitu.

Wala nisidanganye kwamba wakubwa wa dunia walikuwa mashahidi wema. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza askari wake Rwanda hadi 270. Mwisho wa mwezi huo kiasi cha watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa takriban siku moja, na maiti zikaja na maji ya mto Kagera hadi Ziwa Victoria. Nabii Obadia aliwaambia Edomu, katika mstari wa 11, kwamba siku ile walipokaa kando na adui akaingia Yerusalemu, wao nao walihesabiwa miongoni mwa adui.  Kukaa kando peke yake kulihesabiwa.

Na kanisa? Hapa moyo wangu unaungua. Februari 2003 mahakama hiyo ilimhukumu miaka 10 mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, kiongozi wa Waadventista magharibi mwa Rwanda. Miongoni mwa yaliyomtia hatiani ni kwamba aliamuru paa la kanisa la Murambi, Bisesero, liezuliwe ili Watutsi wasipate pa kujificha. Mwaka 2008 padri Athanase Seromba alifungwa maisha kwa kanisa la Nyange lililobomolewa juu ya waliokimbilia ndani. Siyataji haya ili dhehebu fulani lisemwe. Nayataja kwa sababu nimeona jinsi mabaraza yetu ya wazee yanavyoendesha mambo. Binti analetwa na mama yake. Anasema kiongozi fulani wa kwaya amemfanyia hivi. Wazee wanafunga mlango, wanaomba kwa machozi, kisha wanasema jina la Bwana lisitukanwe, jambo hili liishie humu humu. Mama anapewa nauli. Kiongozi anahamishiwa mtaa mwingine, ambako pia kuna kwaya, na mabinti wapo. Mtoto alikuja chini ya paa la nyumba ya Mungu kutafuta sitara, nasi tumeliezua kwa mikono iliyotoka kuomba!

Msiseme Biblia haijui habari hizi. Someni 2 Samweli 13, na someni yote, msiruke kwa kuona aibu. Tamari, binti wa mfalme, anatumwa na baba yake mwenyewe kumpikia kaka yake Amnoni anayejifanya mgonjwa. Yonadabu, rafiki mwerevu, ndiye aliyetunga hila ile, na hadi mwisho wa habari hakuna aliyemwuliza. Amnoni anambaka, kisha anamchukia, anamwambia mtumishi amtoe nje na kufunga mlango. Tamari anajipaka majivu kichwani, anararua vazi lake la rangi nyingi, anatembea njiani akilia kwa sauti. Yeye hakunyamaza. Alilia barabarani, kila mtu alisikia. Ni familia iliyomnyamazisha. Absalomu anamwambia atulie, aliyetenda ni ndugu yake, asilitie moyoni. Ndiyo yetu ile: yamalizwe kifamilia. Daudi je? Aliyasikia yote akakasirika sana. Mwandishi anaandika hasira hiyo, kisha haandiki tendo lolote. Mfalme aliyemwangusha Goliathi, mwamuzi mkuu wa Israeli, aliishia kukasirika.

Mnajua kilichofuata. Miaka miwili Absalomu hakumsemesha Amnoni neno baya wala jema. Nyumba ilikuwa tulivu sana. Kisha ikaja sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, wana wa mfalme wakaalikwa, Amnoni akalewa, akauawa mezani. Baadaye Absalomu akampindua baba yake, vita ikaua maelfu, naye akafa akining'inia mtini. Yote yangekuja mkononi mwa hakimu mara moja, kwa sheria, kama Daudi angemwita mwanawe akamhukumu. Funika kombe mwanaharamu apite, tunasema. Katika nyumba ya Daudi alipita akarudi na upanga.

Na Tamari alikaa ukiwa nyumbani kwa kaka yake. Ndilo neno la mwisho juu yake. Ziko nyumba ngapi hapa zenye Tamari ndani? Utafiti uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu viti vya kanisani kwako Jumapili ijayo. Hao ndio tunaowaambia watulie kwa sababu aliyetenda ni ndugu, ni mzee, ni mfadhili wa ujenzi, ni baba wa kambo anayelipa kodi ya chumba. Hao ndio tunaowauza kwa mbuzi mmoja na debe la mbege, tukasema wazee wameyamaliza kienyeji. Hakuna mzee aliyepewa na Mungu mamlaka ya kumaliza jinai dhidi ya mtoto kwa mbuzi.

Kuna kimya kingine, cha makundi. Kijana anapigiwa kelele za mwizi karibu na soko la Kilombero au kwenye vichochoro vyetu. Mawe yanakuja, tairi linakuja, petroli inakuja kwenye chupa ya maji. Magazeti yataandika wananchi wenye hasira kali. Lakini wenye mawe siku zote ni wachache. Wengine ni mzunguko tu, mamia wamesimama, simu zimeinuliwa juu wanarekodi. Nawasihi, enyi wenye simu, someni Matendo 7. Stefano anapigwa mawe, na mashahidi wanavua nguo zao waziweke miguuni pa kijana aitwaye Sauli. Hakurusha hata kokoto. Alitunza nguo, ili mikono ya wengine iwe huru. Miaka mingi baadaye, akiwa Paulo, mtume, mwenye makanisa mengi nyuma yake, alisimama Yerusalemu mbele ya umati akalitaja jambo lile, Matendo 22, mstari wa 20: kwamba damu ilipomwagwa yeye alikuwapo, aliridhia, alilinda mavazi. Hakujitetea kwamba hakurusha jiwe. Roho Mtakatifu alikuwa amemfundisha kuhesabu. Wewe uliyerekodi na kusambaza, hesabu.

Mtu ataniuliza, Mchungaji, na kusingiziwa je? Swali jema. Torati inataka mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uongo analipwa kile alichokusudia kumtendea mwenzake, Kumbukumbu la Torati 19. Kwa hiyo nenda useme ulichokiona na ulichokisikia, usiongeze chumvi. Kama ni tetesi, sema ni tetesi, na waache wenye kazi ya kupeleleza wapeleleze. Huko ndiko kumwogopa Mungu. Anayeogopa kumsingizia mtu angeanza kuacha yale ya saluni.

Mwingine ataniambia anaogopa. Ninakuamini. Mpangaji anaogopa kufukuzwa, mke anaogopa watoto watakula nini, mfanyakazi wa ndani anaogopa kurudishwa kijijini. Hofu hiyo siidharau, na ndiyo maana sitaki mtu mmoja aende peke yake. Esta alipoambiwa na Mordekai kwamba akinyamaza wokovu utatoka kwingine naye ataangamia, hakuinuka mbio kwenda kwa mfalme. Aliagiza Wayahudi wote wa Shushani wafunge pamoja naye siku tatu. Aliingia kwa mfalme akiwa na mji mzima mgongoni. Basi nendeni wawili, nendeni watatu, nendeni jumuiya nzima. Waislamu jirani zetu wanafundishwa kuamrisha mema na kukataza mabaya, nao wamepanga nyumba hizi hizi. Wachukueni mwende pamoja.

Na mlima wetu huu wa Meru umeshaona watu wakisema walipoambiwa wanyamaze. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki na kuwachomea nyumba ili walowezi wapate ardhi. Wangeweza kulia kimya kimya chini ya migomba yao. Walichanga fedha zao wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza walichotendewa. Ardhi haikurudishwa kwa sababu ya hotuba ile. Ushahidi hauleti ushindi kila mara. Huko Gisenyi, Rwanda, Aprili 1994, Felicité Niyitegeka, Mhutu, alikuwa akiwasaidia Watutsi kuvuka kwenda Goma. Alipewa nafasi ya kujiokoa mwenyewe na kuwaacha waliokuwa pamoja naye. Alikataa, akauawa pamoja nao. Sisi tunaombwa kutembea hadi ofisi ya mtaa.

Sheria ya nchi pia haijatuacha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamfanya kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa awe na wajibu wa kuipeleka kwa serikali ya mtaa. Kila mwanajamii, hata mpangaji wa chumba cha sita. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Ipo namba 116 ya watoto, na kupiga ni bure. Lipo dawati la jinsia na watoto polisi. Ukifika mlango wa kwanza ukapuuzwa, nenda wa pili, na andika tarehe na jina la aliyekupuuza, kwa maana yeye sasa ni shahidi pia na Walawi 5 imemfikia.

Wazee wa kanisa, ninyi mna hesabu yenu peke yenu. Mnajua ni majalada yapi mmeyafunga kwa sala. Yafungueni wiki hii. Yule mliyemhamisha, mwandikieni mchungaji wa kule alikokwenda, na mpeleke habari yake polisi, hata kama ndiye aliyenunua vyombo vya muziki. Kisha mwendeeni mama yule mliyempa nauli, mmwambie mlimkosea.

Na wewe binti, au kijana, au mama, uliyesema ukaambiwa utulie: waliokuambia hivyo hawakutumwa na Mungu. Ulipolia barabarani ulifanya haki. Tafadhali sema tena, kwa mwingine. Ninyi nyote mliosoma mpaka hapa, na mnamjua ninayemsema kwa sababu mnalala ukuta mmoja naye, mwendeeni jioni ya leo kabla redio haijawashwa, mmwulize mlango ukiwa umefungwa, mmwamini, na mmwambie kesho asubuhi mtafuatana naye.